Pointi Moja ya Oklahoma na Vijana wa Tunduma

Alfajiri ya Jumatano, Oktoba 22, 2025, nilikuwa Tunduma. Nilikuwa nimekwenda kuzika, upande wa mama yangu, nikalala katika nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Atakayelala hapo asitarajie usingizi. Malori yananguruma usiku kucha, mengine yakitafuta nafasi ya kusogea hatua kumi kuelekea mpakani, mengine yakiwa yamezimwa tu, madereva wamelala juu ya usukani. Saa kumi na moja kasoro nilitoka nje kuota moto na mlinzi. Pembeni yake nilikuta vijana wanne wamekumbatiana juu ya simu moja yenye kioo kilichopasuka. Wawili walikuwa waendesha bodaboda. Wawili walikuwa wapakuaji wa mizigo.

Nilidhani wanatazama filamu. Kumbe walikuwa wakitazama mchezo wa ufunguzi wa msimu wa ligi ya kikapu ya Marekani, Oklahoma City Thunder dhidi ya Houston Rockets. Mchezo ulikuwa umekwisha muda wake wa kawaida, ukaingia dakika tano za nyongeza, na bado hapakuwa na mshindi. Zikaongezwa tano nyingine. Zikiwa zimebaki sekunde 2.3, Shai Gilgeous-Alexander wa Thunder alichezewa faulo na Kevin Durant, akasimama kwenye mstari wa mitupo huru, akatupia mbili, zote zikaingia. Thunder 125, Rockets 124. Vijana waliruka juu kana kwamba wamegawiwa viwanja vya makazi. Mlinzi akawakemea kwa kuwaamsha wageni.

Mmoja wao, mrefu kuliko wenzake kwa kichwa kizima, aligeuka kuniamkia. «Shikamoo mzee.» Nikaitika marahaba, nikamwuliza kwa nini anashangilia timu ya mji ambao hajawahi kuufikia na pengine hatafika. Alinitazama kwa heshima iliyochanganyika na huruma, kama mtu anayemfundisha babu yake kutumia simu. «Mzee, hizi timu zote mbili Hasheem amezichezea. Na huyo Durant alikuwa mwenzake.»

Nilinyamaza. Ilikuwa kweli, na mimi mwalimu wa chuo kikuu nilikuwa nimeisahau. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo, alivaa jezi ya Houston mwaka 2011, na ya Oklahoma City tangu 2012 hadi 2014, akiwa chumba kimoja cha kubadilishia nguo na Durant huyo huyo. Kijana anayepakua mifuko ya saruji mpakani alikuwa na kumbukumbu ya taifa letu iliyo safi kuliko yangu.

Nimeubeba mkasa huo kwa wiki kadhaa. Sasa nautua hapa, kwa sababu unahusu jambo zito kuliko kikapu. Unahusu tabia yetu, sisi wenye kalamu, mihuri na vipaza sauti, ya kuvuna tusichopanda, na ya kumcheka mkulima pale mavuno yanapopungua.

Nianze na ushindi wenyewe. Katika vijiwe vya wapenda michezo, ushindi wa pointi moja huitwa bahati. Na kweli bahati ilikuwepo usiku ule. Mwishoni mwa nyongeza ya kwanza Durant alionekana akiomba mapumziko mafupi ambayo timu yake haikuwa nayo tena. Kwa kanuni, hilo ni kosa la kiufundi linalowapa wapinzani mtupo huru. Waamuzi hawakuliona, mchezo ukaendelea. Mtu angeweza kusema kwamba timu zote mbili zilishinda na kushindwa mara kadhaa usiku mmoja, na kwamba pointi ile moja haithibitishi lolote.

Lakini tazama kilichofuata. Siku mbili baadaye Thunder walikwenda Indiana, wakaingia tena katika nyongeza mbili, wakashinda 141 kwa 135, na Gilgeous-Alexander akafunga pointi 55, ambazo hajawahi kuzifikia katika maisha yake ya uchezaji. Walishinda michezo minane ya kwanza. Wakaangushwa Portland Novemba 5, 121 kwa 119. Wakainuka, wakashinda kumi na sita mfululizo. Hadi San Antonio ilipowafunga 111 kwa 109 katikati ya Desemba, walikuwa wameshinda michezo 24 na kupoteza mmoja, mwanzo wa msimu unaolingana na ule wa Golden State Warriors wa 2015. Timu iliyoanza kwa kushinda kwa pointi moja hadi hapo ilikuwa imeshindwa mara mbili tu, na kila mara kwa pointi mbili. Hiyo haiwezi kuwa bahati. Bahati haidumu kwa michezo ishirini na tano.

Ni nini basi? Jibu liko nyuma, mahali ambapo kamera hazikuwepo. Desemba 2, 2021, Thunder hawa hawa walifungwa na Memphis 152 kwa 79. Tofauti ya pointi 73 ni kubwa kuliko zote katika historia ya ligi ile. Msimu huo walishinda michezo 24 kati ya 82. Msimu uliotangulia walishinda 22 kati ya 72. Katika nchi yetu, kocha wa timu kama hiyo angefukuzwa kabla ya mwezi wa pili, mwenyekiti angelaumiwa kwa ushirikina, na wachezaji wangetawanywa kabla msimu haujaisha. Wao walikuwa wamekwisha kupanga tangu 2019, walipomwuza nyota wao Paul George wakampata kijana Gilgeous-Alexander pamoja na rundo la haki za kuchagua wachezaji chipukizi miaka ya mbele. Wakavumilia. Wakatoka ushindi 24 hadi 40, hadi 57, hadi 68, hadi ubingwa wa Juni 2025. Pointi moja ya alfajiri ile ya Tunduma ilikuwa na umri wa miaka sita.

Hapa ndipo ninapomrudia Hasheem, na hapa ninapaswa kutubu kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha darasa la mwaka wa kwanza juu ya matumizi ya rasilimali, nilitafuta mfano wa kitu kilichosifiwa sana kikaleta kidogo. Nilimtaja yeye. Nikasema, kwa mzaha, kwamba mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika Marekani nzima, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba, akaishia na wastani wa takriban pointi mbili kwa mchezo. Darasa lilicheka. Msichana mmoja kutoka Mbozi hakucheka. Baada ya kipindi alinifuata mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini: «Mwalimu, hao wengine walianza kucheza wakiwa na umri gani?»

Sikumjibu, kwa kuwa sikujua. Nilipotafuta nilifadhaika. Curry ni mtoto wa mchezaji wa ligi hiyo hiyo, mpira wa kikapu ulikuwa sebuleni kwao kabla hajajua kusoma. Hasheem aliushika mchezo huu akiwa kijana wa takriban miaka 15. Katika muda ambao mwanafunzi wetu hupita kutoka kidato cha kwanza hadi cha sita, yeye alitoka kutojua kudunda mpira hadi kuitwa wa pili katika ukumbi wa New York. Memphis walipompeleka timu ya ligi ya chini mwaka 2010 ili akajifunze, vyombo vya habari vya dunia vilimdhihaki, nasi tukaitikia kiitikio. Hatukuuliza swali la yule binti. Hatukuuliza kwa sababu jibu lingetugeukia sisi. Kama mtu alifika pale kwa miaka saba, angefika wapi kwa kumi na tano? Na hiyo minane iliyokosekana, nani alipaswa kuwa ameitunza?

Najua majibu ya ofisini, kwa kuwa nimekaa katika vikao vya kutosha. Nitayapitia moja moja.

La kwanza ni kwamba hatuna fedha. Uwanja rasmi wa kikapu una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Ukiongeza mita mbili za usalama kila upande unapata mita 32 kwa 19. Msomaji asiyeijua Tunduma asimame siku moja kando ya foleni ya malori atazame. Malori kumi yakiegeshwa ubavu kwa ubavu yanakaribia kulijaza eneo hilo. Ninaomba nafasi ya malori kumi, katika mji ambao malori yake hayahesabiki, zege nzuri, nguzo mbili na ringi mbili zilizowekwa mita 3.05 kutoka chini. Halmashauri inayoshindwa hilo haikushindwa na fedha. Ilishindwa kuliandika katika orodha. Kipindi hiki hiki taifa linajenga uwanja mkubwa wa soka Arusha kwa ajili ya mashindano ya Afrika ya 2027, na mimi siupingi. Ninachopinga ni imani kwamba maendeleo ya michezo huanzia kwenye paa, halafu msingi utafuata.

La pili ni kwamba Songwe ni mkoa mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake Vwawa, na mambo mengi bado yanajengwa. Ni kweli. Lakini uchanga ndio wakati wa kupanga. Mkoa huu una watu zaidi ya milioni 1.3 kwa sensa ya 2022, na mji wa Tunduma peke yake una zaidi ya laki mbili. Mkoa mkongwe huweza kujitetea kwamba maeneo ya wazi yalikwisha kugawiwa zamani na waliokwisha kufa. Mkoa mchanga hauna marehemu wa kumsingizia. Ramani zinachorwa sasa, na wanaozichora wanasoma makala kama hii.

Niseme jambo nililolishuhudia katika halmashauri moja ya nchi hii, ambayo sitaitaja. Niliombwa kushiriki kutoa maoni juu ya mpango wa mji. Katika ramani ya mezani palikuwa na kipande cha kijani kilichoandikwa «michezo». Tulipokwenda kukiona, palikuwa na nyumba ya wageni ya ghorofa mbili na banda la kuoshea magari. Niliuliza. Afisa mmoja akanijibu bila haya kwamba hata kuosha magari ni mazoezi. Tulicheka wote, tukapanda gari, tukaenda kula. Ninaandika haya kwa sababu na mimi nilicheka.

La tatu ni kwamba michezo tunaijali, mbona tunafanya mabonanza? Hapa ndipo uongo wetu ulipovaa jezi. Kila aliyeishi Tanzania anaijua ratiba. Unakaribia uchaguzi, au sherehe, au ziara ya mkubwa. Linazaliwa kombe lenye jina la mheshimiwa. Kila timu inapewa seti moja ya jezi na mipira miwili. Mheshimiwa anapiga mpira wa kwanza, anapigwa picha, anahutubia juu ya «kuibua vipaji». Wiki tatu baadaye kombe limekwisha, mipira imepasuka, na vipaji vilivyoibuliwa vimezama tena, safari hii vikiwa na jezi. Msimu wa Thunder ni wa michezo 82. Msimu wa kijana wetu ni wa wiki tatu, kila baada ya miaka mitano. Halafu tunamtaka ashindane.

Mwanzo mzuri wa msimu unahitaji, kwanza kabisa, kuwepo kwa msimu. Mchezaji hujifunza kupiga mitupo huru miwili katika sekunde 2.3 za mwisho kwa sababu amewahi kuikosa mbele ya watu, akarudi Jumanne, akaipiga tena, akarudi Alhamisi. Ushindi mwembamba ni tunda la kurudi. Bonanza halirudi. Kombe la mheshimiwa halirudi, labda mheshimiwa atake kurudi yeye.

La nne linatoka kwa marafiki zangu wa mashirika na sasa, zaidi na zaidi, kutoka serikalini. Wao wanakubali kwamba vijana wapewe michezo, ili wasiingie katika vurugu. Hili ndilo ninalolichukia kuliko yote, kwa kuwa linakuja likiwa limevaa wema.

Wiki moja baada ya alfajiri niliyoieleza, Oktoba 29, Watanzania waliitwa kupiga kura. Kilichofuata hakihitaji kusimuliwa na mimi. Maandamano, risasi, vifo ambavyo idadi yake bado inabishaniwa, intaneti iliyozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Novemba ikaja tume ya uchunguzi. Ikaundwa pia wizara mahususi ya maendeleo ya vijana chini ya Ofisi ya Rais. Tangu hapo neno «vijana» limekuwa na mlio mpya katika vikao vyetu. Linatamkwa kama neno «mafuriko». Nimesikia watu wazima, wenye shahada, wakisema kwamba kama vijana wangekuwa na viwanja vya kutosha wasingekuwa barabarani.

Ninalikataa hilo kwa nguvu zangu zote. Uwanja wa kikapu si kizimba. Kijana hastahili kupewa ringi kwa sababu ni hatari. Anastahili kwa sababu ni raia, analipa ushuru katika kila lita ya petroli ya bodaboda yake na katika kila kifurushi cha simu anachonunua ili aone mchezo wa Oklahoma usiku wa manane. Anayempa mtu mpira ili asiulize maswali, atanyang'anya mpira huo siku maswali yatakapoulizwa. Na yule kijana mrefu, nina hakika, angetambua tofauti kati ya mkono unaompasia mpira na mkono unaomrushia mfupa.

Isitoshe, mchezo wenyewe unafundisha kinyume cha utiifu wa kipofu. Nimetaja kosa ambalo waamuzi hawakuliona usiku ule. Ligi ile ina desturi, tangu 2015, ya kuchapisha hadharani ripoti ya dakika mbili za mwisho za michezo iliyokaribiana, pamoja na muda wa nyongeza. Kila uamuzi unaandikwa kama ulikuwa sahihi au ulikosewa, na kila kosa lililopita bila filimbi linatajwa. Matokeo hayabadiliki. Aliyeshinda amebaki mshindi. Lakini aliyeshindwa ana karatasi mkononi inayosema, na sisi tuliona, tulikosea hapa. Ligi tajiri na yenye kiburi imegundua kwamba inaaminika zaidi ikikiri. Ninawaachia watumishi wa umma wanaonisoma wafikirie ni ofisi ngapi katika nchi hii zina ujasiri wa kuchapisha ripoti ya dakika zao mbili za mwisho.

Atainuka mtu mwenye akili na kuniuliza juu ya Sudan Kusini. Swali zuri. Nchi iliyopata uhuru 2011, isiyo na ukumbi wa ndani wa kikapu wa maana, ilifuzu Olimpiki ya Paris 2024. Julai ya mwaka huo, mjini London, iliisukuma Marekani hadi ikaponea kwa pointi moja, 101 kwa 100. Kisha Paris ikaifunga Puerto Rico. Je, hilo halionyeshi kwamba viwanja si kitu, moyo ndio kila kitu?

Linaonyesha kinyume chake. Wachezaji wengi wa timu ile walikulia uhamishoni, katika Kenya, Uganda, Australia, Marekani. Viwanja vilivyowajenga vilikuwepo, ila vilikuwa vya watu wengine. Vita viliwapeleka kwenye zege ambayo nchi yao haikuwa nayo. Hata Hasheem wetu alimaliziwa kupikwa Texas na Connecticut. Tunaotaka kuiga mfano huo tuseme wazi kwamba mpango wetu wa maendeleo ya michezo ni kuwatawanya watoto wetu duniani, kisha kuwasubiri warudi na medali.

Majirani wengine wamechagua njia isiyopita ukimbizini. Rwanda ilifungua ukumbi wa watu elfu kumi Kigali mwaka 2019, na miaka miwili baadaye Ligi ya Kikapu Afrika ikazaliwa humo. City Oilers ya Uganda ilicheza ligi hiyo mwaka 2023, Nairobi City Thunder ya Kenya 2025. Nasi hatimaye tumefika. Novemba 2025, katika mashindano ya kufuzu yaliyofanyika Nairobi, Dar City ikawa klabu ya kwanza ya Tanzania kufuzu. Nimefurahi kama Mtanzania yeyote. Lakini nimeisikia tayari ile lugha ya kuvuna. «Taifa limefuzu.» Klabu moja, kwa fedha na jasho la watu wake, katika jiji lenye viwanja, imefuzu. Taifa litakuwa limefuzu siku kijana wa Mpemba, wa Vwawa au wa Ileje atakapokuwa na mahali pa kujipima na wale wa Dar es Salaam bila kwanza kupanda basi usiku kucha.

Alfajiri ile nilimwuliza yule kijana alijifunzia wapi. Alinieleza bila kulalamika. Yeye na wenzake walipeleka kipande cha nondo kwa fundi wa kuchomelea mageti, akakikunja duara. Wakakipigilia juu ya mti wa mlingoti nyuma ya maegesho, bila ubao. «Ndiyo maana sijui kutupia kwa kugonga ubao, mzee. Mimi natupia ringi tupu.» Wenzake walicheka. Baadaye mwenye eneo aliung'oa mti ili lori lipate kugeuka. Sasa anacheza akipata nafasi kwenye uwanja wa shule, mlinzi akiwa mwema. Sisemi hadithi yake ni hesabu ya viwanja vyote vya Tunduma. Nasema ni hadithi ambayo afisa yeyote wa michezo katika mkoa wowote wa nchi hii hataishangaa, na kutoshangaa kwake ndiko kunakonitisha.

Nisiwaonee maafisa hao. Ninawafahamu wengine, nimewafundisha. Afisa michezo wa wilaya ni mtumishi asiye na gari, asiye na fungu, anayekumbukwa siku ya Mwenge na siku ya bonanza. Sera ya Maendeleo ya Michezo tuliyo nayo ni ya 1995. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya 1967. Karatasi hazijawahi kutupungukia. Kinachopungua ni mtu wa kuulizwa Jumatatu asubuhi: uwanja ule umechezewa siku ngapi mwezi uliopita?

Kwa hiyo sitafunga kwa kuwaombea wenye mamlaka hekima. Nitafunga kwa kazi, na nitaigawa.

Watumishi wa halmashauri, bandikeni ramani ya maeneo ya wazi kwenye ubao wa matangazo, karibu na lile tangazo la mikopo ya asilimia kumi. Kila kipande cha kijani, namba yake, ukubwa wake, na kilichosimama juu yake leo. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Na kila michoro ya sekondari mpya inapopita mezani kwenu, ulizeni mita 28 kwa 15 ziko wapi kabla hamjagonga muhuri.

Wanaharakati, acheni kuhesabu jezi katika ripoti zenu. Hesabuni siku za mchezo. Mradi uliogawa mipira mia moja na kuondoka haukufanya jambo. Uliowezesha timu nane za wasichana na wavulana kukutana kila Jumamosi kwa miezi minane umefanya, hata kama haukupigiwa picha.

Wanafunzi wangu, mnaotoka Momba, Mbozi, Ileje na Tunduma, mkirudi likizo nendeni kwenye mkutano wa mtaa. Msiende kuhutubia. Nendeni na swali moja: eneo la michezo la mtaa huu lilipimwa lini, na hati yake iko kwa nani? Mkijibiwa kwamba mnaleta siasa, kubalini. Kiwanja ni siasa. Kila mita ya ardhi ya mji huu ina mtu anayeitaka, na asiyeuliza ndiye anayeporwa.

Na yule binti wa Mbozi, kama bado unasoma ninayoyaandika, jibu la swali lako ni hili: walianza wakiwa wadogo, kwa sababu kulikuwa na mtu mzima aliyewatengea mahali pa kuanzia. Nilipaswa kukujibu mbele ya darasa zima, mahali nilipofanyia mzaha wangu.

Kulipokucha niliwaaga vijana wale. Nilimwuliza yule mrefu kama Thunder watachukua ubingwa tena. Akafikiri kidogo, kwa uzito wa mtu aliyeulizwa jambo la taaluma yake. «Pointi moja siyo mbaya, mzee. Msimu mrefu.» Kisha akafunga kitambaa kichwani, akavuka barabara kati ya malori mawili. Saa kumi na mbili alikuwa na mzigo wa kupakua.